Flashi moja pembeni: mwongozo kamili wa kupiga potreti kwenye studio ya fremu

Watu wananitumia picha wakiuliza wamekosea wapi, na picha zenyewe zinafanana hatari. Paji la uso limeungua, kivuli kizito kimeganda ukutani nyuma ya kichwa. Au chini ya picha kuna mkanda mweusi. Au picha yote giza na mtu anaapa flashi iliwaka aliiona kwa macho yake. Alafu swali linalofuata ni lilelile, kaka nipige pawa ngapi, wakati pawa ndo kitu cha mwisho kugusa. Sura ya picha inaamuliwa na taa imekaa wapi, iko umbali gani na ina ukubwa gani, ukishapanga hivyo vitatu pawa unaipata ndani ya shoti mbili tatu tu.

Hapa tunapiga mtu mmoja, kichwa mpaka kifuani au kiunoni, kwa flashi moja, kwenye chumba cha mita 3 kwa 4 hivi, yaani fremu ya kawaida ya mtaani. Taa ya pili nitaigusa kidogo huko chini.

## Vifaa, kusanya kwanza

- Kamera yoyote yenye modi ya M (ile ya kupanga kila kitu mwenyewe) na sehemu ya kuchomeka flashi juu.
- Lenzi ya 50mm kama kamera yako ni ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), 85mm kama ni fulu-fremu, yaani ya sensa kubwa. Kama una ile 18-55 iliyokuja na kamera basi izungushe mpaka 55 na uiache hapo. Ukisogelea mtu na lenzi pana pua inakua na masikio yanarudi nyuma, na mteja atakulaumu wewe, hajui habari za lenzi.
- Flashi ya manual, yaani pawa unaiweka mwenyewe. Godox TT600 inatosha kabisa, haina TTL (ile ya flashi kujipimia pawa yenyewe) na hapa hatuihitaji.
- Triga, yaani kile kifaa kinachokaa juu ya kamera na kuwasha flashi kwa redio, inayoongea na flashi yako NA inayolingana na kamera yako. Triga ya Canon, ya Nikon na ya Sony ni vitu vitatu tofauti hata kama kwa nje zinafanana, angalia herufi kwenye boksi kabla hujalipa.
- Softboksi (boksi la kitambaa linalotanua mwanga wa flashi) ya sentimita 80 mpaka 90 pamoja na braketi ya kushikia flashi. Huna? Mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga utafanya kazi, ila unamwaga mwanga chumba kizima.
- Stendi, na kiroba cha mchanga cha kuwekea miguuni.
- Betri za kuchaji za NiMH, seti mbili. Zile za redio za bei rahisi zinakufa haraka, na flashi itachukua muda mrefu kujaa kila ukipiga.
- Manila nyeupe mbili au kipande cha stailofomu kutoka kwenye boksi la friji, na kitambaa cheusi cha mita mbili.
- Bakgraundi, iwe karatasi ya roli au kitambaa cha kijivu kisichong'aa. Kijivu ndo nashauri kwa anayeanza, utaona kwanini.
- Tepu ya kubandika sakafuni, tishu, na poda isiyo na rangi.

Faida ya flashi ya betri ambayo watu hawaisemi sana: umeme ukikatika unaendelea kupiga.

## Hatua ya 1: Tuliza chumba

Mpe mteja stuli, mweke angalau mita 1.5 mbele ya bakgraundi. Hii mita na nusu ndo inayoondoa kile kivuli ukutani, manake kivuli bado kipo ila kinaangukia sakafuni na pembeni, nje ya picha. Kama chumba ni kifupi na huwezi kupata hiyo nafasi, bora wewe urudi mpaka mlangoni kuliko yeye aegemee ukuta.

Angalia rangi ya kuta. Fremu nyingi zimepakwa kijani au bluu au pinki, na flashi ikigonga ukuta huo inarudi usoni na rangi yake, unakuja kuhangaika kwenye kuediti shavu moja lina ukijani na hujui umetoka wapi. Funika ukuta wa karibu kwa shuka jeupe au kile kitambaa cheusi.

Ukimaliza hapa: mteja amekaa, nyuma yake kuna nafasi, na hakuna ukuta wa rangi ulio karibu na uso wake.

## Hatua ya 2: Ua mwanga wa chumba

Usiwashe flashi bado. Weka kamera M, ISO 100 (kamera inavyohisi mwanga), shata 1/160 (muda sensa inakaa wazi, sehemu ya sekunde), apacha f/8 (tundu la lenzi, namba ikipanda mwanga unapungua), waiti balansi (mpangilio wa rangi ya mwanga) kwenye alama ya flashi au 5500K, na picha iwe RAW, lile faili ghafi la kuediti. Piga.

Picha inatakiwa iwe nyeusi. Nyeusi kabisa, humwoni mtu. Kama unamwona mtu basi mwanga wa dirisha au wa taa ya dari unaingia, funga pazia au panda f/11 mpaka apotee. Hii hatua watu wanairuka wakiona kama haina kazi, alafu wanashangaa ngozi imekuwa ya njano upande mmoja na ya bluu upande mwingine, ni kwamba taa ya dari ina rangi yake na flashi ina rangi yake na zote mbili zimeingia.

Taa ya dari ukishaona haiingii kwenye picha iache iwake. Kamera inahitaji mwanga ili ifokasi, na mboni za mteja zinabaki ndogo kwahiyo rangi ya jicho inaonekana.

Kwanini 1/160 na sio 1/500? Shata ina mapazia mawili, na kuanzia spidi fulani pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, flashi ikiwaka wakati huo inaangaza sehemu tu ya sensa. Ndo ule mkanda mweusi. Kamera nyingi mwisho wake ni 1/200 au 1/250, Canon 6D ni 1/180, na triga nazo zinachelewa kidogo, kwahiyo 1/160 ni salama karibu kwa kila mtu.

Wenye mirrorless, zile kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani, someni hapa. Skrini yenu itakuwa nyeusi ukiweka seti hizi kwasababu kamera inakuonyesha picha itakavyokuwa bila flashi. Kamera haijaharibika. Kwenye Sony nenda kwenye Live View Display uweke Setting Effect OFF, kwenye Canon zima ile ya Exposure Simulation. Na shata ya kimya, ya kielektroniki, izime pia, kwenye kamera nyingi flashi haiwaki kabisa ikiwa hiyo imewashwa.

## Hatua ya 3: Flashi na triga zikubaliane

Washa flashi, iweke kwenye modi ya kupokea redio, alafu hakikisha namba ya chaneli ni ileile kwenye triga na kwenye flashi, na kundi ni lilelile, tuseme chaneli 5 kundi A. Triga isukume mpaka mwisho pale juu ya kamera na uifunge, ikikaa nusu haigusi vizuri na itawaka siku inayotaka.

Bonyeza kitufe cha kujaribu kwenye triga. Ikiwaka, piga kwa kamera yenyewe. Ikiwaka kwa kitufe lakini haiwaki kwa kamera, shida iko kati ya triga na kamera, usihangaike na flashi.

Kama flashi iko ndani ya softboksi, weka zumu ya flashi kwenye 24 au 35 ili mwanga ujaze kitambaa chote cha mbele. Ukiiacha 105 inagonga katikati tu, unakuwa na softboksi kubwa inayofanya kazi ya taa ndogo.

## Hatua ya 4: Kuweka taa (hapa usiharakishe)

Simama mbele ya mteja kwa kamera. Taa iende pembeni kiasi cha nyuzi 45, kulia au kushoto, na ipande mpaka katikati ya softboksi iwe juu kidogo ya macho yake, ikiinamia chini kumwangalia. Umbali kutoka kitambaa cha softboksi mpaka usoni: mita 1. Pima na futi, usikadirie.

Najua wengi mtaogopa hiyo mita moja, mnaona taa iko karibu sana itaunguza, ndo maana mnaipeleka kule kwenye kona mita tatu. Sasa fikiria hivi, ulaini wa kivuli unatokana na taa ni kubwa kiasi gani ukiitazama kutoka kwenye uso wa mteja. Softboksi ya sentimita 90 ikiwa mita 1 ni kubwa kuliko kichwa chake mara kadhaa, mwanga unamzunguka. Ileile ikiwa mita 3 imekuwa dogo tu huko pembeni na kivuli cha pua kinakuwa na ncha kali kama kisu. Kuunguza kunatibiwa na kupunguza pawa. Ukali wa kivuli hautibiwi na pawa hata ukizunguka namba zote.

Umbali una kazi ya pili pia. Mwanga unapungua kwa mraba: ukitoka mita 1 kwenda mita 2 unabaki na robo, yaani stopu 2 zimekwenda (stopu moja ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka mara mbili). Uso uko mita 1 kutoka kwenye taa, bakgraundi iko mita 3, basi bakgraundi inapata moja ya tisa ya mwanga wa usoni, karibu stopu 3 chini. Ndo maana kitambaa cha kijivu kinatoka cheusi kilichokolea na mtu anajitokeza mbele yake, hujanunua kitu cha ziada. Ukitaka kijivu kibaki kijivu, rudisha taa na mtu vyote karibu na bakgraundi, ukitaka nyeusi sogeza vyote mbali nayo. Kitambaa kimoja rangi zaidi ya moja, ndo sababu ya kusema anza na kijivu.

Flashi ndogo hazina taa ya kuonyesha kivuli kabla ya kupiga, kwahiyo tumia tochi ya simu. Ishikilie mbele ya softboksi katikati, mwangalie mteja. Ukali wa kivuli usiuangalie maana tochi ni ndogo, angalia tu kinaelekea wapi.

Dalili kwamba taa imekaa sawa:

- Ndani ya kila jicho kuna nukta ya mwanga, juu pembeni, pale mshale mfupi wa saa unapoelekea ikiwa saa 4 asubuhi au saa 8 mchana. Jicho bila nukta linaonekana limekufa, na maana yake taa iko juu mno, ishushe.
- Kivuli cha pua kinashuka kuelekea kona ya mdomo bila kuugusa.
- Shavu la mbali lina mwanga kidogo, hata kama ni ka-pembetatu chini ya jicho.

Kivuli cha pua kikipanda juu, taa iko chini ya uso. Hiyo iachie sinema za kutisha.

Stendi nayo: mguu mmoja uelekee upande softboksi inakolalia, kiroba juu ya mguu huo. Studio ya fremu watoto wanapita, feni inapuliza, na softboksi ni tanga, ikianguka inaanguka juu ya mteja.

## Hatua ya 5: Sasa pawa

Anza 1/4, yaani robo ya nguvu yote ya flashi. Piga. Kwa softboksi mita 1 na f/8 utaangukia kati ya 1/8 na 1/2 mara nyingi.

Uso umeungua, shuka 1/8. Uso giza, panda 1/2. Kila nusu ni stopu moja, sawasawa na kutoka f/8 kwenda f/5.6 au ISO 100 kwenda 200. Shata haigusi kabisa mwanga wa flashi, kwasababu flashi inawaka na kuzima ndani ya muda mfupi kuliko shata ilivyo wazi, hivyo ukiona mtu anashusha shata mpaka 1/60 ili uso ung'ae ujue anaingiza taa ya dari tu.

Ikifika 1/1 na bado unataka mwanga, usiishi hapo. Panda ISO 400 na urudi 1/2. Fulu pawa mfululizo inachemsha flashi, inagoma au inayeyusha plastiki ya mbele, na kila shoti unasubiri ijae wakati mteja tabasamu limeshaisha.

## Ngozi nyeusi, kanzu nyeupe na miwani

Hii nimeitoa kwenye namba za hatua kwasababu ndo inaharibu kazi nyingi kuliko zote.

Ngozi nyeusi haihitaji pawa kubwa. Inahitaji taa kubwa iliyokaa pembeni. Uzuri wake mwingi kwenye picha ni ule mng'ao unaopita kwenye shavu na taya, na mng'ao ni taa yako inayojiakisi kwenye ngozi, taa ikiwa ndogo unapata madoa meupe kwenye paji na ncha ya pua, taa ikiwa pana mng'ao unatanuka na kuchora umbo la uso. Kwahiyo ukiona madoa, sogeza softboksi karibu na upunguze pawa, alafu izungushe kidogo ili katikati yake ipite mbele ya uso na uso upate mwanga wa pembeni ya softboksi. Nusu ya madoa inaondoka hapohapo.

Wateja wanajipaka mafuta kabla ya picha, ndo heshima. Mpe tishu abonyeze paji, pua na kidevu, asifute kwa kusugua, poda kidogo tu. Usiondoe mng'ao wote, uso utakuwa bapa.

Histogramu (ile grafu ya mwanga kwenye kamera, giza kushoto, mwanga kulia): ya mtu mweusi aliyevaa nguo ya giza kwenye bakgraundi ya giza itakaa kushoto na hiyo ni sahihi. Kuna watu wamefundishwa mlima uwe katikati, wanasukuma mpaka ngozi ya mtu inakuwa kijivu ya majivu, ndugu zake hawamjui. Washa lile onyo la kumeta kwenye sehemu zilizoungua, kama usoni hakimeti kitu na shavu la upande wa taa lina rangi yake ya kweli, umefika. Na ndo sababu nyingine TTL haitusaidii hapa, yenyewe inavuta kila kitu kiwe kijivu cha wastani, mwenye suti nyeusi inamuunguza na mwenye kanzu nyeupe inamtia giza.

Kanzu nyeupe au gauni la harusi: weka mwanga kwa ajili ya uso, alafu nguo ikimeta elekeza softboksi juu kidogo ili kifuani pafike mwanga mchache, au ning'iniza kitambaa cheusi kikate sehemu ya chini ya taa. Usipunguze pawa kwa ajili ya nguo, uso ndo unalipiwa.

Miwani ikionyesha softboksi ndani ya kioo, pandisha taa juu na mwambie ashushe kidevu kidogo. Bado ipo? Inua mikono ya miwani juu ya masikio sentimita moja, vioo vitainama na taa itatoka. Kwa kamera haionekani.

## Hatua ya 6: Upande wa kivuli

Angalia shavu la mbali. Kama limezama kabisa, weka manila nyeupe upande huo, nusu mita hivi kutoka usoni, nje tu ya picha. Isogeze mbele kidogo kuelekea kwenye kamera, ikikaa sambamba na sikio inaangaza sikio tu.

Sogeza karibu, kivuli kinafunguka, sogeza mbali kinarudi. Kwa bibi harusi au picha ya CV weka karibu. Kwa msanii au bondia anayetaka sura ngumu toa manila weka kitambaa cheusi, kivuli kitazidi. Hamna jibu moja, muulize mteja picha inaenda wapi.

## Taa ya pili, kama unayo

Kazi yake hapa ni kutenganisha nywele na bega na bakgraundi, hasa nywele nyeusi mbele ya nyeusi. Iweke nyuma ya mteja upande wa pili wa taa kuu, juu ya kichwa, ikielekea shingoni, kundi B, pawa 1/16. Zima kundi A kwanza, piga na B peke yake, uone mstari mwembamba wa mwanga begani na kwenye nywele, ukiingia mpaka puani iko mbele mno. Ikiingia kwenye lenzi picha inakuwa na ukungu, ikinge kwa kipande cha boksi. Alafu washa A.

Bakgraundi nyeupe kabisa nayo inataka flashi yake, ielekee ukutani. Kwa taa moja ndani ya fremu utapata kijivu, usipoteze mchana kutwa.

## Hatua ya 7: Piga kazi

Fokasi kwenye jicho lililo karibu na kamera. Bandika tepu sakafuni chini ya stuli na chini ya miguu ya stendi, manake mteja akisogea mbele nusu hatua kutoka mita 1 mpaka sentimita 70 uso unapata mwanga mara mbili, stopu nzima, na utadhani flashi imechanganyikiwa. Kila mteja mpya piga shoti moja ya majaribio, angalia kumeta usoni, endelea.

Subiri ile taa ndogo ya flashi iwake kabla ya shoti inayofuata. Ukipiga kabla haijajaa unapata moja safi moja giza.

## Ikigoma

Picha nyeusi, flashi haikuwaka. Chaneli, kundi, shata ya kimya, betri za triga. Kwa mpangilio huo. Kama triga na flashi ziko karibu sana, chini ya mita moja, na ni Godox, kuna seti ya umbali kwenye triga ya 0-30m, iweke hiyo.

Picha nyeusi, flashi imewaka. Umeona mwanga kwa macho ila kamera haikuona, mara nyingi umebonyeza kitufe cha majaribio cha triga, au umewasha modi ya kumulika kwa mwanga wa flashi nyingine na imewashwa na flashi ya mwenzako.

Mkanda mweusi. Shata iko juu ya kikomo. Rudi 1/160, na kama bado upo 1/125.

Moja ina mwanga moja haina. Betri, au unapiga haraka. Usifungue flashi ukitafuta tatizo, ndani kuna kapasita inayokaa na volti nyingi hata ikiwa imezimwa na betri zimetolewa, mpelekee fundi.

Kivuli bado kipo ukutani. Mteja amerudisha stuli nyuma. Angalia tepu.